Herufi Nne

Fundi alikuwa anagawa mikasi. Mwanamke aliyewahi kumnyima jirani sindano ya kutolea mwiba, leo anagawa mikasi, futi, mpaka pasi! Wateja waliofuata magauni yao waliondoka na vifungo vya bure mkononi, wanatazamana.

Mwezi mmoja kabla, hospitali ilimkata kipande cha uvimbe kwenye ovari. Saratani, wakamwambia, bila kuzunguka. Kipande kikaenda maabara kupimwa protini, maana kumbe kuna protini zikijaa kwenye uvimbe, kemo, dawa ya saratani, inapita tu kama maji ya bomba. Na kuna nyingine zikionekana, uvimbe unasikia dawa na kunywea. Fundi aliuliza kama ndizo hizo protini zilizomo kwenye mayai. Akajibiwa hapana. Akauliza tena.

Hakuwa mtu wa kuambiwa kitu mara moja. Aliambiwa asile wala kunywa kabla ya upasuaji, akanywa chai, na upasuaji ukasogezwa. Aliambiwa apumzike, akashona sare arobaini za shule. Wifi yake, dada wa mumewe, alimpa jina la utani tangu wiki ya kwanza ya ndoa, na kila akimwita hivyo alirushiwa chochote kilicho karibu, ila pasi tu.

Wifi huyohuyo ndiye aliyemsindikiza maabara. Pale dirishani karani alisema siku hizi sampuli hazibebi majina ya watu, siri za wagonjwa zimevuja mno. Fundi wakati huo alikuwa juu ya mizani, anabishana na mshale. Basi wifi akamjazia fomu, akacheka peke yake, na kesho yake akasafiri kwenda kumtunza binti yake aliyejifungua.

Majibu yakaja, yamebanwa kwenye faili la Fundi. Daktari, ambaye karatasi ya namna hiyo ilikuwa ya kwanza kumfikia, aliipitishia macho haraka, foleni nje ikiwa imefika kwenye ngazi. Juu, kwa herufi kubwa: SUGU. Chini yake, msururu wa namba na majina ya protini yasiyotamkika.

"Sugu," alisema. "Kemo haitafua dafu hapa."

Fundi akacheka kidogo, cheko la puani. Aliyelia ni mumewe. Daktari akawaeleza taratibu kwamba dawa nyingine hawana, na kumnyonyoa mtu nywele na kumtapisha bure ni kumwonea tu; bora vidonge vya maumivu na kukaa na watu wake. Nafasi yake kwenye orodha ya kemo angepewa mgonjwa mwingine siku ya Ijumaa, isipokuwa yeye mwenyewe aje kuidai.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo ukoo mzima haujawahi kuliona: Fundi alisikia. Mtu aliyegombana na mizani hakumjibu daktari hata neno. Aliikunja karatasi, akaitia kwenye droo ya cherehani, akaanza kugawa. Mumewe alimsihi watafute daktari wa pili. Akasema maisha yake yote watu wamekuwa wakimwambia asikie, haya, sasa amesikia, wanataka nini tena? Mume aliogopa hilo kuliko saratani yenyewe.

Alhamisi jioni wifi akarudi safari, akakuta duka limebaki cherehani, stuli na vitambaa. Fundi akamnyooshea mkasi mkubwa, ule wa suti, ambao kwa miaka ishirini hakuna aliyeruhusiwa kuushika. Wifi hakuupokea.

"Unanipa wa nini? Kwani wewe unakwenda wapi?"

"Nakufa, wifi. Nimepimwa."

Wifi, ambaye hana adabu hata msibani, alikaa chini kwenye mabaki ya vitambaa, akalia kwa sauti, akiomba radhi kwa kila utani aliowahi kuufanya ndani ya nyumba ile. Alimpenda huyu mwanamke kuliko alivyowapenda ndugu zake wa tumbo moja, na hakuwahi kumwambia. Akamwambia. Fundi naye machozi yakamtoka, akayafuta haraka yasilowanishe kitambaa cha mtu.

Baadaye wifi akapenga kamasi kwenye kipande cha bitana, akataka kuiona hiyo karatasi. Fundi akasema ya nini, neno lenyewe moja tu na limeandikwa juu kabisa, daktari kashalisoma. Wifi akafungua droo mwenyewe.

Akasoma. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari, kikapita namba zote, mpaka chini kabisa kwenye maandishi madogo kuliko ya kwenye kopo la dawa ya mbu. Kisha akaanza kucheka, kamasi bado zinamchuruzika, na Fundi akatafuta kwa macho kitu cha kumrushia.

"Sugu ni wewe, wifi," alisema akiendelea kucheka. "Dirishani walitaka jina la siri, nikawaandikia hilo. Uvimbe wako uko huku chini: unasikia dawa."