Nyuma ya Pazia

Maalim Shaweji alikuwa akiwasomesha wanawake darsa la alasiri, wao upande wa pili wa pazia kama ilivyo ada, yeye upande huu na kitabu chake. Siku hiyo walifika kwenye neno rehema.

"Asili yake ni Kiarabu," alisema kwa madaha. "Shina lake ni moja na neno la kizazi, tumbo linalobeba mtoto. Ndiko huruma inakotoka, mama zangu."

Kisha sauti moja ikauliza taratibu, "Na aliyetolewa kizazi, maalim, huruma yake itatoka wapi?"

Ilikuwa sauti ya mkewe, Mwanahawa, aliyetoka hospitali mwezi uliopita. Nyumbani hawakuwahi kulizungumza. Maalim akafunua kitabu, akakifunika.

Huko nyuma kichanga cha mtu kikaanza kulia. Wanawake wakanong'onezana, "Mpe Mwanahawa. Mpe yeye." Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, halafu mkewe akaanza kubembeleza kwa wimbo wa chini chini. Maalim akanyoosha mkono, akalishika pindo la pazia, akabaki amelishika vivyo hivyo.