Kivuli cha Tumbusi

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na sheria nyingi kuliko akili, Tumbusi ndiye aliyesafisha mizoga yote ya mbugani. Kwa kazi hiyo hiyo wakamwita najisi. Bwawani hakuruhusiwa kukanyaga, na hata kivuli chake kikimgusa mnyama, mnyama huyo sharti aoge mara saba.

Siku moja kiu ilimzidi Tumbusi, akaenda kunywa. Punda Milia, aliyejiona msafi kuliko sabuni, akamtandika teke mpaka manyoya yakatawanyika.

"Mla mizoga wee! Unatuchafulia maji?"

"Nisipoila, bwana, nani ataiondoa? Wewe?"

"Toka!"

Tumbusi akaruka, akawa anazunguka juu ya bwawa taratibu, kama mtu anayepunga upepo. Kivuli kikampitia Punda Milia, kikampitia Nyati, kikampitia Twiga shingo nzima.

"Tumeingiwa na najisi!" wakapiga kelele, wakajitosa majini. Kila walipomaliza kuoga mara ya saba, kivuli kikapita tena. Kufika adhuhuri bwawa lilikuwa tope tupu, na wasafi wote wamechafuka mpaka masikioni.

Kiu ikawabana. Punda Milia akatazama juu.

"Ndugu yetu Tumbusi, huko huoni maji?"

"Nayaona, nyuma ya kilima. Lakini nitakunywa mimi kwanza."

"Kunywa, ndugu, kunywa! Tuongoze tu."

Akatangulia. Jua lilikuwa kali, na njia nzima wakasukumana wakigombania kivuli chake.