Joho la Mwanafalsafa

Nikanori, mwalimu wa falsafa ya Wastoiko, aliingia katika nyumba ya Wakristo akiwa ameziba pua, kana kwamba imani yao inanuka. Mbele ya watumwa na wafuma nguo alisimama Eutiko, mwanafunzi wake wa zamani, akihubiri huku amevaa joho la wanafalsafa.

"Vua hilo joho," Nikanori alisema. "Sikukuvika ili umwabudu seremala aliyetundikwa msalabani."

"Mwalimu, ni wewe uliyenifundisha kwamba Neno ndilo linaloendesha ulimwengu. Hapa nimelijua jina lake."

"Neno halina jina, mpumbavu wewe. Wala halitoki damu."

Eutiko alilivua joho, akalikunja vizuri, akampa mwalimu wake kwa mikono miwili. Kisha akaendelea kuhubiri akiwa na kanzu yake iliyochakaa.

Nikanori alitoka akicheka kwa dharau. Nje ya mlango akasimama. Ndani, Eutiko alikuwa akieleza jinsi moto mmoja unavyowasha taa nyingi bila kupungua, mfano ambao Nikanori alizoea kuutumia darasani. Watu walikuwa wanalia. Darasani kwake hakuna aliyewahi kulia.

Nikanori akatema mate chini, lakini hakuondoka, na midomo yake ikaanza kutamka sentensi inayofuata kabla Eutiko hajaisema.