Pikipiki Isiyo na Kava

Tunu alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi, na miguu mingi aliyoifunga bandeji ilikuwa ya watu walioanguka na pikipiki. Sasa amehamishiwa zahanati isiyofikiwa na basi, naye amesimama mbele ya pikipiki nyeusi, injini nje, haina kava wala kioo cha kukinga upepo.

"Nyepesi hii, dada. Kwa kwenda kazini kila siku itakufaa," alisema Shomvi, muuzaji.

"Na nikianguka, nini kitanikinga?"

Shomvi alitikisa kichwa. "Sikudanganyi. Hakuna. Ni wewe na barabara."

Hata hivyo Tunu alivaa kofia ngumu, akapanda kuijaribu, akawasha. Mtetemo ulimpanda mapajani hadi kwenye meno. Alijikongoja nayo mpaka barabara kuu, na hapo lori likapita likipiga honi, upepo wake ukamyumbisha. Alishusha mguu chini haraka.

"Rudi basi, dada, kama unaogopa!" Shomvi aliita kwa nyuma.

Tunu aliogopa, lakini hakugeuka. Barabara ilikuwa tupu sasa, na mkono wake wa kulia ukaanza kuzungusha mpini, kuongeza mafuta.