Chumba cha Bata Hakinuki

Mwalimu Thadei alikuwa amepiga magoti, makalio juu, pua imezama kwenye pumba za mpunga. Akanusa kona hii, akanusa na ile. Hakusikia kitu ila harufu ya mpunga. Akacheka peke yake, huku vifaranga wa bata wakimdonoa soksi.

Siku hiyo ilikuwa ya hukumu. Mama Joyness, jirani wa ukuta mmoja, alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamika: mtu mzima na shahada yake anafuga bata ndani ya nyumba, wenzake wanashindwa kula kwa uvundo! Mwenyekiti akasema atamtuma afisa mifugo. Chumba kikikutwa kibichi na kinanuka, vifaranga watoke nje leo leo. Na kwa mvua hizi za Bariadi, kutoka nje ni kufa. Kifaranga wa bata aliyekosa mama hana mafuta ya kutosha manyoyani. Akilowa anapigwa na baridi, basi tena. Thadei aliwahi kulizika kundi zima nyuma ya choo, na alilia, asikudanganye mtu.

Safari hii alikuwa amejifunza. Bata na maji ni ugomvi usioisha: wewe unampa anywe, yeye anaoga. Kwa hiyo chombo cha maji alikiweka juu ya wavu wa waya, chini yake beseni, kila tone likaangukia humo. Pumba alizigeuza asubuhi, zilizolowa akazitoa, akaongeza kavu. Dirishani hewa inapita, na balbu inawapa joto. Aje tu huyo afisa!

Tatizo lilikuwa moja. Siku hiyo hiyo mama mkwe naye alikuwa njiani kutoka Nkoma.

Thadei ni mtu wa Rombo. Nyamizi, mkewe, Msukuma wa damu, alimfundisha mpaka akakariri: kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, mkikutana njiani unampisha. Thadei akalishika somo kuliko wenye mila. Tangu posa mpaka harusi, alichokiona kwa mama huyo ni mgongo na kilemba.

"Nakimbia sokoni mara moja," Nyamizi alimwambia akijifunga khanga. "Mama akitangulia, mwonyeshe kiti, halafu potea. Tafadhali usiniaibishe."

"Nikuaibishe kwa lipi? Mimi Msukuma sasa."

"Haya, Msukuma wa Rombo."

Hata kona hajakata, hodi ikapigwa. Thadei akachungulia. Kitenge kipya, mwavuli, pochi kubwa. Mama mkwe huyo! Akafungua mlango, na papo hapo akageuzia uso ukutani.

"Karibu, mama," akauambia ukuta. "Pitia uani, jikoni kuna kiti. Mwenyewe anarudi sasa hivi."

"Asante. Lakini ningependa kuona chumba kwanza."

Maskini, safari imemchosha, anataka kujua atalala wapi. Na sauti yake bado ya kisichana! Kumbe Nyamizi amerithi.

"Mwenyewe atakuonyesha, mama," Thadei akasema, akinyoosha mkono kuelekea uani, shingo imepinda upande wa pili mpaka inauma. Mgeni akasita, kisha akaenda zake jikoni. Thadei akajipongeza. Mkewe angekuwepo angepiga vigelegele.

Hajakaa vizuri, hodi nyingine. Huyu sasa alikuwa na mabuti ya mpira yaliyojaa tope, koti la mvua, na kiroba begani. Ndio watu wa kazi hawa! Thadei akaufungua mlango wote.

"Mwangaluka," yule mama akasalimia kwa Kisukuma. Akamtazama Thadei mara moja tu, akavuta khanga usoni na kurudi nyuma.

Ebo! Hata hajaingia, tayari anaziba pua! Lazima Mama Joyness alishamjaza maneno. Thadei akakasirika kwelikweli.

"Usizibe pua, mama! Ingia unuse mwenyewe."

"Hapana, baba. Acha nisubiri huku nje. Mwenyeji hayupo?"

"Mwenyeji ndiye mimi!" Akamshika mkono. Mama wa watu akashtuka, akajaribu kujinasua, lakini Thadei hakuwa mtu wa kuachia siku hiyo. Vifaranga wake walikuwa roho mkononi. Akamvuta mpaka chumbani, kiroba kikaanguka mlangoni, michembe ya viazi vikavu ikamwagika.

"Acha hiyo, tutaokota. Inama! Ona maji yanavyoishia kwenye beseni. Sasa shika pumba. Shika, usiogope! Zimelowa?"

Mama alikuwa amefumba macho. "Ni kavu, baba," akanong'ona.

"Harufu je?"

"Hakuna. Niachie, nakuomba."

"Nakuachia vipi wakati umeniokoa?" Furaha ilimjaa Thadei hata machozi yakamlenga. Wanawe wamepona! Akaishika ile khanga, akaifunua. "Toa hii bwana, tutazamane kama watu wazima!" Akamkumbatia.

Nyuma yake mtu akakohoa. Mgeni wa kitenge kipya alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, pochi kwapani, uvumilivu umemwishia.

"Samahani, mwalimu," akasema, "huyo mwenyewe anarudi lini? Mwenyekiti anasubiri majibu yangu kuhusu hawa bata."