Mashine Mpya ya Saa ya Bi Mwatumu

Kwa sheria yetu, saa ya mkononi ikisimama ikiwa imevaliwa, mwenye saa ni marehemu na huzikwa siku hiyohiyo.

Shomari, aliyechoka kumuuguza mama yake, aliipeleka saa ya mama kwa fundi ibadilishwe mashine.

"Ya zamani inatumia betri, inakwenda miaka kumi hata gizani," fundi alieleza. "Mpya inajichaji kwa jua. Bila mwanga, miezi sita."

"Nipe mpya."

Aliporudi alimvisha mama saa, akakihamishia kitanda cha mama katika chumba kisicho na dirisha.

"Ahsante, mwanangu. Huku kumetulia," alisema Bi Mwatumu.

Mwezi wa sita tangu ahamishwe, mama akauliza, "Mwanangu, mbona namba za saa yangu zimefifia?"

"Ni macho yako, mama," Shomari akamjibu, akimnywesha uji.