Masurufu ya Makorongoni

Wiki nzima usingizi ulinipaa kwa furaha. Mume wangu Mbwana alisimamisha hema sebuleni, tukajilaza ndani mchana kweupe tukipanga: tutashuka makorongo mekundu ya jangwani kwa miguu, tulale mchangani, tuzione nyota bila taa za mji.

Sheria inataka kila anayesafiri aache nyumbani kivuli chake, yaani mashine yenye umbo lake. Vyetu vililetwa jana. Changu kina uso wangu, sauti yangu, hata kikohozi changu, na tayari kilikuwa kikimkanda mama mkwe miguu huku yeye akitufungia masurufu. Alijaza tende, visheti na maandazi makavu mpaka kikapu hakifungiki.

"Mama, tunakwenda siku tano tu," nikamwambia nikicheka.

"Jangwa halina haraka. Tembeeni mpaka mchoke."

Nikabeba kikapu, nikamfuata Mbwana mlangoni, macho yangu tayari yakiziona kuta nyekundu za makorongo.

"Mwanakombo, mwanangu," mama mkwe akaita, kwa sauti laini ambayo hajawahi kuniitia.

"Abee, mama." Nikageuka.

"Si wewe," akasema. "Wewe nenda."